Nyumba ya Kuazima: Maisha na Vitabu vya Daphne du Maurier

Mazungumzo haya yalisemwa kwanza kwa redio, na sasa yamepigwa chapa ili aliyeyasikia nusu ayapate yote, na wale wanaosoma katika madarasa ya jioni wapate kuyarudia polepole.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma habari za gazeti, na kupambanua lililo la kweli na lililotiwa chumvi. Leo tutazungumza juu ya hadithi. Najua wamo miongoni mwenu watakaoniuliza, "Bwana Elimu, sisi tu watu wazima, tuna watoto na mashamba. Hadithi za kutisha zitatufaa nini?" Swali hilo ni la haki, nami sitalikimbia. Nitalijibu mwishoni, baada ya kuwaeleza habari za mwanamke mmoja ambaye kazi yake katika maisha ilikuwa kutungia hofu vitabu.

Jina lake ni Daphne du Maurier. Litamkeni hivi: Dafni du Morie. Jina la ukoo ni la Kifaransa, lakini yeye alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa London.

Kwanza tueleze neno moja. Vitabu vya namna yake huitwa hadithi za Kigothi. Wagothi walikuwa taifa la zamani la Ulaya, na baadaye jina lao walipewa wajenzi wa makanisa na ngome za kale zenye matao yaliyochongoka. Mwaka 1764 Mwingereza mmoja, Horace Walpole, alitoa kitabu juu ya ngome yenye mambo ya kuogofya, na katika chapa ya pili akakiita hadithi ya Kigothi. Tangu hapo jina likashika. Ukisoma hadithi ya namna hiyo utakuta nyumba kubwa ya kale, siri iliyofichwa ndani yake, na mtu mmoja, mara nyingi msichana, anayeingia asijue kilichomo. Wahenga wetu walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Ukiifahamu methali hiyo, umekwisha fahamu nusu ya hadithi za Kigothi.

Daphne alizaliwa tarehe 13 Mei, 1907. Baba yake, Gerald du Maurier, alikuwa mchezaji mashuhuri wa michezo ya kuigiza, na mama yake, Muriel, naye alikuwa mchezaji kabla ya kulea watoto. Babu yake, George du Maurier, alichora picha za kuchekesha katika gazeti la Punch, na katika uzee wake akatunga kitabu kiitwacho Trilby, kilichosomwa sana. Tena, mchezo maarufu wa watoto uitwao Peter Pan ulitungwa na J. M. Barrie kwa ajili ya binamu zake Daphne, na ulipochezwa mara ya kwanza mwaka 1904, Gerald ndiye aliyecheza yule nahodha mwovu mwenye mkono wa ndoana.

Basi fikiri mtoto huyu alikua katika nyumba ya namna gani. Watu wa pale kazi yao ilikuwa kuvaa nguo za wengine, kusema maneno ya wengine, na kulia machozi ya wengine. Walikuwa watatu, wote wasichana: Angela, Daphne na Jeanne. Daphne alikuwa mwenye haya. Wageni walipojaa sebuleni yeye alitafuta pembe ya kujificha na kitabu chake.

Mwaka 1926 familia ilisafiri mpaka Cornwall, ambako nchi ya Uingereza inaingia baharini kama kidole upande wa kusini-magharibi. Ni nchi ya miamba, ghuba ndogo ndogo, ukungu, na visa vya wavushaji wa magendo. Walinunua nyumba kando ya maji huko Bodinnick, ng'ambo ya bandari ndogo ya Fowey. Wazazi waliitaka kwa mapumziko tu, lakini Daphne alipoiona bahari ile hakutaka tena kurudi mjini. Alijifunza kuendesha mashua, akatembea peke yake, akaandika. Kitabu chake cha kwanza, The Loving Spirit, kilitoka mwaka 1931, nacho kilikuwa habari za ukoo wa waunda mashua wa Cornwall.

Kitabu hicho kilimletea mume. Meja mmoja wa jeshi, Frederick Browning, alikisoma akapendezwa nacho hata akaja kwa mashua yake mpaka Fowey, akitaka kuona mahali palipoelezwa na kumwona aliyepaeleza. Wakaoana mwezi wa Julai, 1932. Wakapata watoto watatu, wasichana wawili na mvulana. Huyo bwana ndiye aliyekuja kuwa jenerali wa majeshi ya miavuli ya Uingereza katika Vita Kuu ya Pili.

Mwaka 1936 alitoa Jamaica Inn, hadithi ya nyumba ya wageni katika nyika ya Bodmin, ambayo watu wake ni wezi wanaozivuta meli ziende kuvunjika miambani. Nyumba hiyo ni ya kweli. Miaka sita kabla ya hapo, yeye na rafiki yake walipotea nyikani kwa farasi, giza na mvua vikawashika. Hawakuijua njia hata kidogo. Mwishowe waliziacha hatamu, na farasi wenyewe wakawarudisha kwenye nyumba ile ya wageni. Mtu mwingine angalishukuru Mungu akasahau. Yeye alilitunza giza lile akalitia katika kitabu.

Sasa nawaombeni mtege masikio, maana hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Karibu na Fowey palikuwa na nyumba ya kale iitwayo Menabilly, mali ya ukoo wa Rashleigh tangu karne nyingi. Haikuonekana kutoka barabarani wala kutoka baharini, kwa kuwa ilifichwa na msitu. Mwenyewe alikuwa akikaa mbali, na nyumba ilikuwa imefungwa, mimea imetambaa kutani mpaka madirishani. Daphne aliisikia ikitajwa alipokuwa msichana, akaitafuta msituni, hata akaiona. Akaipenda kama mtu apendavyo mtu. Akaandika barua kumwomba mwenyewe ruhusa ya kutembea katika viwanja vyake. Akawa anakuja, anasimama mbele ya madirisha yaliyofungwa, anachungulia, kisha anakwenda zake. Haikuwa nyumba yake. Haikuwa ya kuuzwa.

Ukipenda kitu kilicho chako, utakitunza. Ukipenda kitu kisicho chako, utakiota. Mwaka 1937 Daphne alikuwa mbali sana na msitu ule. Mumewe alikuwa akiongoza kikosi huko Alexandria, Misri, naye ilimpasa kuwa bibi wa mkuu wa kikosi: kukaribisha wageni, kuhudhuria karamu, kuzungumza na mabibi wa maofisa. Kwa mtu mwenye haya, kazi hiyo ilikuwa adhabu. Jua lilikuwa kali, moyo wake ulikuwa Cornwall. Tena alikuwa na mwiba mwingine moyoni. Mumewe kabla ya kumwoa alikuwa amemchumbia mwanamke mwingine, mzuri wa sura, na Daphne alijiuliza kama bado anamkumbuka.

Katika hali hiyo alianza kuandika kitabu. Maneno ya kwanza, kiasi cha 15,000, aliyaona hayafai, akayachana. Akaanza upya, akamaliza baada ya kurudi Uingereza. Kitabu kilitolewa na Victor Gollancz mwezi wa Agosti, 1938. Jina lake ni Rebecca.

Hadithi yenyewe ni hii. Msichana maskini, yatima, ameajiriwa na bibi tajiri wa Kimarekani awe mwenzi wake katika safari. Katika mji wa Monte Carlo anakutana na Maxim de Winter, bwana wa makamo, ambaye mkewe amekufa maji. Baada ya majuma machache tu wanaoana, naye anamchukua kwake Cornwall, katika nyumba kubwa iitwayo Manderley. Hapo msichana anakuta kwamba mke wa kwanza, Rebecca, amekufa lakini hajaondoka. Karatasi za barua zina herufi yake. Maua huwekwa pale alipopenda yeye. Chumba chake cha kulala kimetunzwa, nguo yake ya usiku ipo, brashi za nywele zipo. Na msimamizi wa nyumba, Bibi Danvers, aliyempenda Rebecca kupita kiasi, anamtazama bibi mpya kama mtu amtazamavyo mwizi.

Katika lugha yetu tuna neno la jambo hili, nalo ni uke wenza. Lakini tazameni ukali wa uke wenza huu. Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye, na siku nyingine mkapatana. Anazeeka, anakosea, anachoka. Marehemu hazeeki wala hakosei. Huyo utashindana naye kwa njia gani?

Sasa tuangalie ufundi wa mtungaji. Nitataja mambo matatu, nanyi muyaandike.

La kwanza ni jina. Msichana huyo ndiye anayetusimulia hadithi yote, tangu mwanzo hadi mwisho, lakini jina lake la kuzaliwa hatuambiwi hata mara moja. Aliyekufa ana jina, tena ndilo jina la kitabu. Nyumba ina jina. Aliye hai hana. Ipo siku anapigiwa simu ya mle ndani, naye sauti inauliza kama ni Bibi de Winter. Msichana anajibu kwa haraka kwamba pana makosa, Bibi de Winter amekufa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha anakumbuka kwamba Bibi de Winter ni yeye. Mtungaji hakutumia mzimu wala damu mahali hapo. Ametumia simu tu, na msomaji anasikia baridi mgongoni.

La pili ni kitu kidogo. Msichana anavunja sanamu ndogo ya kaure, na badala ya kusema, anaficha vipande ndani ya mtoto wa meza kama mtoto aliyeiba sukari. Mtumishi mmoja anasingiziwa. Hapo inambidi bibi wa nyumba akiri makosa mbele ya msimamizi wake. Ni nani kati yenu ambaye hakupata kuwa mgeni katika nyumba ya wakubwa, akaogopa kuvunja kikombe? Mtungaji hodari hututia hofu kwa mambo tunayoyajua.

La tatu ni kusema mwisho kabla ya mwanzo. Tangu mlango wa kwanza wa kitabu twaambiwa kwamba Manderley imekwisha, na kwamba wenyewe hawatarudi tena. Waweza kufikiri kwamba ukisha kujua hivyo hamu itapotea. La, sivyo. Kila chakula kinachoandaliwa, kila waridi linalochanua, wewe msomaji unajua kwamba vitapotea, ila hujui vipi. Hiyo ndiyo taharuki ya kweli. Anayetaka kuandika hadithi na ajifunze hapo.

Iko pia siku ya karamu, ambapo kila mgeni huvaa mavazi ya watu wa zamani. Kwa shauri la Bibi Danvers, msichana anashonesha nguo kama ile iliyo katika picha ya mmoja wa wahenga wa mumewe. Anashuka ngazi kwa furaha. Wote wananyamaza, mumewe anageuka rangi. Rebecca alivaa nguo ile ile katika karamu yake ya mwisho. Sisi twasema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Msichana huyo aliazima nguo, aliazima jina, aliazima nyumba, na hakuna kilichomsitiri.

Nitafungua siri moja, maana bila ya hiyo hatuwezi kuzungumza kama watu wazima. Katikati ya kitabu, mashua ya Rebecca inapatikana chini ya bahari, na maiti yake imo ndani. Ndipo Maxim anamkiri mkewe kwamba Rebecca hakufa maji. Alimwua yeye, kwa bastola. Tena anamwambia kwamba hakumpenda Rebecca kamwe, alimchukia. Na yule msichana anasikia nini? Anasikia furaha. Mume wake ni mwuaji, naye moyoni anafurahi, kwa kuwa hakupendwa yule mwingine. Tangu saa hiyo anamsaidia kuficha.

Nilipokisoma kitabu hiki mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa diploma. Nilikiazima kwa mwenzangu kwa usiku mmoja, nikakaa nacho mpaka alfajiri. Nilipofika mahali pa baraza la kuchunguza kifo, nilijikuta naomba mashahidi wasijue, daktari asiseme, polisi wapotee njia. Asubuhi, nilipokuwa nanawa uso, nikajiuliza: Je, wewe bwana, usiku kucha ulikuwa upande wa nani? Rebecca alikuwa mwovu, ndivyo nilivyoambiwa. Lakini nimeambiwa na nani? Na mumewe aliyemwua, na mke wa pili aliyemwonea wivu. Marehemu mwenyewe hakuitwa kutoa ushahidi. Niliona haya, na haya hiyo imenifundisha zaidi ya vitabu vingi vya masomo.

Jambo hili liliwasumbua hata watengenezaji wa sinema. Bwana Alfred Hitchcock alipotengeneza filamu ya Rebecca, iliyotoka mwaka 1940 na kupata tuzo kubwa ya Oscar ya filamu bora, sheria za sinema za Marekani wakati huo hazikuruhusu mwuaji aachwe bila adhabu. Basi katika filamu Rebecca hakupigwa risasi. Alianguka, akagonga kichwa. Sheria ikatii, ila swali gumu likaondolewa. Katika kitabu swali limebaki, na ndiyo sababu nawashaurini msome kitabu.

Rebecca iliuzwa sana, na tangu mwaka 1938 haijakosa kupigwa chapa. Wachunguzi wengi wa vitabu waliiweka katika fungu la hadithi za mapenzi za kupitishia wakati. Mwenyewe hakupendezwa, alisema kwamba alikuwa ameandika juu ya wivu. Wakati wa vita, mwaka 1942, majasusi wa Kijerumani waliotumwa Cairo walipewa kitabu hicho hicho kiwe ufunguo wa maandishi yao ya siri. Baadaye alishtakiwa New York kwamba hadithi aliiiba kwa mtungaji mwingine. Mwaka 1947 ilimbidi avuke bahari kwenda kujieleza kortini, akichukua daftari aliloandikia mawazo yake ya kwanza. Kesi ilitupwa mwaka 1948. Wanafunzi, yatunzeni madaftari yenu!

Turudi kwenye nyumba ya msituni. Mwaka 1943, vita vikali bado, Daphne alisikia kwamba Menabilly inaweza kupangishwa. Nyumba ilikuwa na panya, paa bovu, na hakuna umeme. Akaipanga. Fedha za Rebecca zikatengeneza paa na mabomba. Yule aliyechungulia dirishani sasa alilala ndani. Bustanini akawa na kibanda cha mbao, akaingia humo kila siku na taipu yake kama mkulima aingiavyo shambani. Yasimuliwa kwamba zamani mafundi waliokuwa wakiitengeneza Menabilly walikuta mifupa ya mtu katika chumba kilichozibwa ukuta. Kutoka hapo alitunga The King's General, mwaka 1946.

Lakini sikilizeni, hata humo ndani hakuacha kuandika juu ya watu wanaokaa pasipo pao. Mwaka 1951 alitoa My Cousin Rachel. Kijana Philip amelelewa na binamu yake Ambrose. Ambrose anasafiri kwenda Italia, anaoa huko, anakufa, na barua zake za mwisho zinamtuhumu mkewe. Kisha mjane huyo anafika Cornwall, na Philip, aliyeapa kumchukia, anampenda. Je, alimtilia mumewe sumu, au hakumtilia? Mtungaji hasemi. Ukifunga kitabu, wewe ndiwe hakimu, na ushahidi haukutoshi. Mwaka 1957 alitoa The Scapegoat, juu ya mwalimu wa Kiingereza anayekutana Ufaransa na mtu aliyefanana naye kama pacha, na anapoamka anajikuta ameachiwa nguo za mtu huyo, nyumba yake, madeni yake na mama yake. Nguo ya kuazima tena!

Hadithi yake fupi The Birds ilitoka mwaka 1952. Wengi wanaijua filamu ya Hitchcock ya mwaka 1963, ambayo iliihamishia California. Ya kitabuni ni ya Cornwall, na mtu wake mkuu ni kibarua wa shamba, Nat Hocken. Mtungaji alipata wazo hilo alipomwona mkulima akilima karibu na Menabilly, na shakwe wanamzunguka juu ya kichwa. Katika hadithi, ndege wa nchi nzima wanawageukia watu bila ya sababu kuelezwa. Nat anapigilia mbao madirishani. Kila saa ya habari yeye na mkewe wanafungua redio wasikie serikali inasema nini. Kisha saa inafika, na redio iko kimya. Ninyi mnaonisikiliza kwa redio jioni hii, fikirini ukimya huo. Hapo Nat anafahamu kwamba hakuna atakayekuja. Amebaki na nyundo yake, watoto wake, na akili yake.

Mwaka 1965 mumewe alifariki. Miaka minne baadaye, mwaka 1969, ukoo wa Rashleigh uliitaka nyumba yao, naye akahama Menabilly baada ya kukaa miaka 26. Mwaka huo huo alipewa heshima ya kuitwa Dame, lakini nadhani angaliibadili heshima hiyo kwa ufunguo wa mlango mmoja. Alihamia nyumba ya jirani iitwayo Kilmarth, nayo pia ilikuwa ya ukoo ule ule. Hakukaa bure. Kitabu chake The House on the Strand, cha mwaka 1969, ni juu ya mtu anayekunywa dawa huko Kilmarth na kujikuta katika karne ya 14, akiwatazama watu wasioweza kumwona. Anayapenda maisha yao kuliko yake mwenyewe, na mapenzi hayo yanamharibu. Mwaka 1971 alitoa hadithi iitwayo Don't Look Now, ya mji wa Venice, ambayo nayo imefanywa filamu. Alifariki tarehe 19 Aprili, 1989, umri wake miaka 81, huko huko Cornwall.

Sasa nalipa deni la swali. Hadithi hizi zitamfaa nini mtu mzima?

Nasema hivi. Hofu nyingi za mtu mzima hazina pembe wala mkia. Ni hofu ya kulinganishwa: na mke aliyetangulia, na karani aliyekishika kiti kabla yangu, na ndugu aliyesoma zaidi. Ni hofu ya kukaa mahali ambapo moyo unaniambia si pangu. Hofu hiyo haisemwi sebuleni wala barazani, na kwa kuwa haisemwi, inakua. Yule msichana wa Manderley aliteseka miezi mingi kwa jambo lisilokuwapo, kwa sababu hakumwuliza mumewe swali moja, na mumewe hakusema. Na hofu ilipomtoka, angalieni ilimtoka kwa bei gani: aliacha kuuliza haki ya marehemu. Mwenye wivu hupofuka mara mbili, kwanza anapoumia, na tena anapopona. Daphne du Maurier aliijua hofu hiyo kwa kuwa ilikuwa yake. Aliitoa kifuani akaiweka mezani, tuitazame wote. Kazi hiyo si ya kupitishia wakati.

Vikundi vya kusikiliza, kabla hamjaagana, zungumzeni maswali haya:

1. Kwa nini mtungaji hakumpa jina msichana anayesimulia Rebecca? Kama angalimpa jina, hadithi ingalipungukiwa na nini?

2. Msichana alipojua kwamba mumewe ameua, akanyamaza. Je, alimtendea haki nani, na alimdhulumu nani? Kila mmoja atoe sababu zake, na wengine wasimkatize.

3. Ni nani anayetuambia kwamba Rebecca alikuwa mwovu? Tafuteni habari moja mliyoisikia kijijini au mjini kwenu wiki hii, mjiulize mmeisikia kutoka upande wa nani.

4. Andika ukurasa mmoja juu ya siku uliyokuwa mgeni katika nyumba ya watu. Usiandike neno "niliogopa". Tumia vitu tu: mlango, kikombe, kiti, sauti. Msomaji wako akiogopa, umefaulu.

Katika somo lijalo tutarudi kwenye barua za kazi, na wale waliokuwa wakinung'unika watafurahi. Mpaka hapo, someni kwa makini, na mkimaliza kusoma, semezaneni. Kwaherini.